BEI YA KUTUPA MTANDAONI: kabla hujatuma hela ya mzigo wa elektroniki, soma hapa kwanza

Wajasiriamali wenzangu, leo naanza na kosa langu mwenyewe, halafu ndiyo tuzungumze.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nauza vitu vidogo vidogo vya simu mtandaoni: chaja, kava, hedifoni, memori kadi. Kadi za GB 128 nilikuwa nachukua kwa jumla 28,000, nauza 35,000. Faida ya kawaida tu, hutajiriki lakini hulali njaa. Siku moja kwenye grupu la WhatsApp akatokea jamaa anauza kadi hizo hizo, chapa hiyo hiyo, pakiti imefungwa safi kabisa, kwa 11,000. Nikamuuliza mbona rahisi hivyo? Akajibu, "Mzigo wa kontena boss, tunasafisha stoo." Jibu tamu, na mimi nilikuwa nalitaka liwe kweli. Nikachukua 30, nikatoa 330,000.

Mzigo ulifika. Bodaboda kaleta mpaka mlangoni. Nikachomeka kadi moja kwenye simu, ikasoma ukubwa wake vizuri kabisa. Nikapiga picha, nikaposti: GB 128 kwa 25,000 tu, wahi kabla hazijaisha. Ndani ya siku nne nikauza 19. Nilijiona mjanja kuliko Kariakoo nzima.

Mmoja wa waliochukua ni mpiga video za harusi. Jumatatu ya wiki iliyofuata akanipigia. Ibada ya kanisani ilikuwepo yote kwenye kadi. Kuanzia ukumbini, mafaili yapo, yana majina, yana ukubwa, lakini hayafunguki. Maharusi wanaingia, wazazi wanazungumza, keki, zawadi, hakuna kitu. Hata hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa nikawaambie nini wale watu?"

Nilirudishia watu 14 hela zao, maana wengine watano hawakulalamika, labda hawajajaza kadi mpaka leo. Piga hesabu: niliingiza 475,000, nikarudisha 350,000, nikabaki na 125,000 kwenye mtaji wa 330,000. Hasara 205,000, bila kuhesabu bando, nauli na yule mpiga video niliyejaribu kumfuta machozi kwa kumchangia kidogo. Jamaa wa kontena namba haipatikani. Na wateja wangu hawakumjua yeye, walinijua mimi.

Hapo ndipo tofauti ilipo kati yetu na mnunuzi wa kawaida. Mtu anayejinunulia simu moja akipigwa, anaumia mara moja, anaenda kulala. Sisi tukinunua kitu kibovu kwa bei ya chee tunakiuza tena kwa jina letu. Kile tulichodhani tumeokoa kwenye bei kinarudi kama malalamiko, kama kurudisha hela, wakati mwingine kama polisi.

Kwa hiyo siku hizi nikikuta bei ya ajabu sianzi na "huyu ni tapeli au si tapeli?" Matapeli wengine wana sauti nzuri kuliko wauzaji halali. Naanza na swali jingine: HAPA KIMEPUNGUZWA NINI? Bei haishuki yenyewe. Kama boksi limepasuka, kama ni toleo la mwaka juzi, kama ni kitu kilichotumika na muuzaji anasema hivyo, hiyo ni punguzo yenye maelezo, chukua ufanye biashara. Lakini kama kila kitu ni kipya, orijino, kina waranti, na bado ni nusu ya bei ya jumla, basi kuna kitu kimetolewa na hujaonyeshwa. Twende kifaa kwa kifaa.

MEMORI KADI NA FLASHI

Hizi nazijua kwa uchungu. Ukubwa unaouona ukichomeka kadi haupimwi na simu yako. Simu inauliza, na chipu ndogo ndani ya kadi inajibu. Watengenezaji wa feki wanachukua kadi yenye GB 8 halisi, wanaifundisha ile chipu iseme "mimi ni 128". Simu inaamini, kompyuta inaamini. Unaanza kuweka vitu, GB 8 za kwanza zinakaa salama. Baada ya hapo kadi inaendelea kupokea na kusema "nimehifadhi", lakini kinachoingia ama kinatupwa ama kinafuta cha zamani. Jina la faili linabaki, ndani hamna kitu. Ndiyo maana ibada ilikuwepo na ukumbi haukuwepo.

Kwa hiyo kuchomeka na kuangalia namba siyo kupima. Kupima ni kuijaza kadi yote halafu kuisoma tena. Kuna programu za bure za kazi hiyo: H2testw kwa kompyuta za Windows, na F3 kwa wenye Linux au Mac. Inaandika mpaka kadi ijae, inarudi kusoma ilichoandika, halafu inakwambia GB ngapi ni za kweli. Kadi ya GB 128 inaweza kuchukua saa mbili au zaidi, kwa hiyo iache usiku. Huna kompyuta? Jaza kadi kwa video ndefu mpaka ikatae, itoe, irudishe, fungua video za mwisho ulizoweka. Zikicheza zote, umepona.

Usishtuke ukiona kompyuta inaandika 119 badala ya 128. Windows inahesabu GB kwa kizio kikubwa kidogo kuliko kiwanda, hiyo ni kawaida kwa kadi halali. Mteja akikuuliza, mweleze hivyo hivyo.

Na usipime moja tu kwenye mzigo wa 30. Chukua tatu nne kutoka sehemu tofauti za boksi. Kuna watu wanaweka nzima juu, feki chini, kama wanavyofanya wauza nyanya kwenye sado.

PAWABENKI

Hapa uongo uko kwenye namba iliyoandikwa kwa maandishi makubwa: 20,000, 30,000, nimeona hata 50,000 kwenye kitu kinachoingia mfuko wa shati. Fungua nyingi za bei rahisi utakuta betri za duara zinazofanana na betri za tochi, ila kubwa kidogo. Betri moja ya aina hiyo, hata ikiwa bora kabisa, inabeba kama mAh 3,500 hivi. Nyingi za kawaida ni 2,000 mpaka 2,600. Sasa pawabenki yenye betri mbili ndani itapata wapi 20,000? Na betri moja ina uzito wa karibu gramu 45 mpaka 50, kwa hiyo mizani ya jikoni inaweza kukusaidia kuliko maneno ya muuzaji. Pawabenki ya kweli ya 20,000 ni nzito, gramu 300 na zaidi. Ukiambiwa 20,000 na mkononi ni nyepesi kama kiberiti, umeshajua kimepunguzwa nini. Wajanja zaidi wameshaligundua hilo, wanaweka mchanga au kipande cha chuma ndani ili iwe nzito. Kwa hiyo uzito mdogo unathibitisha ni feki, lakini uzito mkubwa hauthibitishi kuwa ni nzima. Mwisho wa yote ichaji, uichajie simu, uhesabu.

Na kwenye kuhesabu, usimwahidi mteja kisichowezekana hata kama mzigo wako ni halali. Ile 20,000 imehesabiwa kwa volti 3.7 za betri ya ndani. Inapotoka kwenye tundu la USB inapandishwa kuwa volti 5, na njiani umeme mwingine unapotea kama joto. Kinachomfikia mteja ni kama 12,000 hadi 13,000. Simu yenye betri ya 5,000 itajaa karibu mara tatu, siyo nne. Ukiandika "inajaza simu mara nne" utarudishiwa mzigo mzima na wewe ndiye utakuwa umekosea.

Kwa wanaoagiza China: pawabenki ni betri za lithiamu, na tangu mwezi Aprili 2016 betri za aina hiyo zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria. Wakala anayekuahidi pawabenki 200 kwa ndege ya haraka kwa nauli ile ile ya kava za simu, muulize vizuri anazipitisha vipi. Mara nyingi ukweli ni meli, na meli ni kusubiri.

SIMU, HAPA NDIPO PENYE MAMBO

Simu ya bei ya kutupa inaweza kuwa imepunguzwa vitu vinne tofauti, na kila kimoja kina namna yake ya kukupeleka pabaya.

Kwanza inaweza kuwa siyo simu hiyo kabisa. Nje imefanana na Samsung au iPhone mpaka boksi, ndani ni kifaa kingine kilichobadilishwa maandishi ili kionyeshe RAM na hifadhi ambavyo hakina. Bonyeza *#06#, itatokea namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Linganisha na iliyo kwenye boksi na kwenye mipangilio ya simu. Kwa Tanzania, tuma namba hiyo kwa meseji kwenda 15090, utajibiwa ni simu ya kampuni gani na modeli gani. Ukishika "Samsung" na jibu linakuja na jina ambalo hujawahi kulisikia, rudisha. Mnakumbuka tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilipozima simu feki? Watu waliamka wameshika vipande vya plastiki. Kenya walishafanya hivyo mwaka 2012. Lakini tahadhari: watengenezaji wa feki wananakili IMEI ya simu halali, kwa hiyo jibu zuri kutoka 15090 ni hatua ya kwanza tu. Pima na kamera, pima na uzito, jaza hifadhi kama tulivyofanya kwa kadi.

Pili, inaweza kuwa simu ya kweli yenye mwenyewe. Imeibwa. Hii wafanyabiashara wadogo wengi hatuipi uzito mpaka siku mteja anapopigia kutoka kituoni. Simu inafuatiliwa kwa IMEI, anakutwa nayo mteja wako, mteja anaonyesha meseji zenu na muamala wa malipo, na njia yote inaishia kwako. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na kujitetea kwamba "niliuziwa mtandaoni" bila karatasi hata moja ni kazi ngumu. Ukinunua simu iliyotumika kwa mtu binafsi, chukua nakala ya kitambulisho chake, andikishianeni kwa mkono mkataba wenye IMEI, bei, tarehe na sahihi zenu, na ulipie kwa namba iliyosajiliwa kwa jina lile lile. Mwizi hapendi kabisa utaratibu huu. Akianza kusema "mbona unanifanya kama mwizi, ndugu yangu", mwambie ni utaratibu wa duka, kwa upole tu, halafu usinunue.

Tatu, ni simu ya mkopo ambayo haijaisha kulipwa. Hii ni mpya mpya na inaumiza watu sana. Mtu kachukua simu kwa kianzio kidogo, analipa kila siku au kila wiki. Kakwama. Anaiuza mtandaoni kwa nusu bei "ina wiki mbili tu, ina boksi na risiti". Vyote ni kweli! Boksi ni lake, risiti ni yake. Akiacha kulipa, simu inajifunga yenyewe kwa mbali, ikiwa mkononi kwa mteja wako, na kuirudisha kwenye hali ya kiwandani hakuondoi kufuli hiyo.

Nne, ni iPhone ambayo akaunti ya mwenye nayo bado imo, au Android yenye kufuli ya akaunti ya Google ambayo ipo tangu Android 5.1 ya mwaka 2015. Inawaka, inapendeza, inakusubiri uifute ndipo ikuulize neno la siri la mtu usiyemjua.

Habari njema ni kwamba hizi mbili za mwisho zinakamatwa kwa jaribio moja. Mbele ya muuzaji, kabla hela haijatoka, futa simu yote, irudishe kama ilivyotoka kiwandani, iunganishe na intaneti, pitia hatua za kuiwasha upya mpaka ufike ukurasa wa mwanzo. Ikiuliza akaunti ya mtu mwingine, au ikitokea maandishi kwamba kifaa kinasimamiwa na kampuni fulani, mrudishie mwenyewe. Muuzaji mwenye haraka atakwambia bando limeisha, ana kikao, mvua inakuja. Washa hotspoti yako. Ni dakika 15.

Kwa iPhone za kutumika kuna kitu kingine kizuri. Kwenye maelezo ya simu, pale palipoandikwa Model Number, angalia herufi ya kwanza. M ni simu iliyouzwa ikiwa mpya. F ni iliyokarabatiwa na kuuzwa tena kwa njia rasmi. N ni iliyotolewa kama mbadala wa iliyoharibika. P ni iliyochongwa maandishi kwa oda. Kwa hiyo anayekuuzia "mpya kabisa haijaguswa" na herufi ni F au N, mwambie mshuke bei. Ila simu iliyofunguliwa na fundi wa mtaani inabaki na M yake, usiitegemee herufi peke yake. Kuanzia iOS 15.2, ukurasa huo huo unaweza kuonyesha historia ya vipuri: betri imebadilishwa, kioo siyo halisi, kulingana na toleo la simu. Kubadilishwa kioo siyo dhambi. Dhambi ni kumwuzia mtu bila kumwambia.

LAPTOPU, KWA KIFUPI

Hapa uongo mkubwa uko kwenye stika. "Core i7" peke yake haisemi kitu. Angalia namba inayofuata: i7-4600U ni kizazi cha nne, ya mwaka 2013. Mteja anayekwambia anataka Windows 11 anahitaji Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, maana Microsoft ndivyo walivyoweka, na Windows 10 ilisimamishiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo sababu soko sasa limejaa laptopu za maofisini za bei rahisi kutoka nje. Siyo feki, ni kwamba ofisi zinazitoa. Ukiziuza kama zilivyo kwa mwanafunzi wa kuandika na kusoma, ni biashara nzuri. Ukiziuza kama "i7 kali inapiga kila kitu", jiandae. Angalia pia kama zimebaki na neno la siri la BIOS au usimamizi wa ofisi iliyozitoa. Jaribio ni lile lile: futa, unganisha intaneti, iwashe upya.

SASA MUUZAJI MWENYEWE

Kariakoo wote tunawajua mawinga. Winga hana duka, anapiga picha mzigo wa watu, anaposti, ukikubali anakimbia kuchukua. Mimi sina ugomvi nao, wengi ni vijana wanaotafuta riziki kwa jasho, na wengine wanakujali kuliko mwenye duka. Tatizo linakuja kifaa kikiharibika. Mwenye duka anasema hakuuzii wewe, winga anasema duka limekataa, na mteja wako yuko kwenye komenti anakuchafua. Kwa hiyo ukinunua kwa winga, risiti itoke dukani, iwe ya EFD, na iandikwe IMEI. Winga mwaminifu anakupeleka mpaka kaunta.

Kurasa za Instagram nazo zina mbinu zake. Wafuasi elfu themanini siyo ushahidi wa chochote, kurasa zinanunuliwa. Gusa jina la akaunti, kuna sehemu ya maelezo inayoonyesha kwa akaunti nyingi ilifunguliwa lini, ipo nchi gani, na imeshabadilisha jina mara ngapi. Ukurasa wa "simu za jumla" ambao mwaka jana ulikuwa wa mapishi na kabla yake wa umbea, mimi siupi hela yangu. Komenti zimefungwa? Picha zote ni za kampuni, hakuna hata moja yenye mkono wa mtu? Omba video ya moja kwa moja: kifaa kiwashwe, pembeni kuwe na karatasi iliyoandikwa jina lako na tarehe ya leo. Aliye na mzigo anafanya hivyo kwa dakika mbili. Asiye nao anakasirika.

Kwa ndugu zangu wa mikoani, Mwanza, Mbeya, Songea na kwingineko, ninyi ndiyo mnaoumizwa zaidi, kwa sababu hamuwezi kufika dukani. Mchezo unaotumika sana ni wa picha ya risiti ya basi. Unatumiwa picha, "mzigo umeshapakiwa, malizia hela". Picha ya risiti siyo mzigo. Piga simu ofisi ya basi kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, siyo aliyokupa yeye, uulize kama mzigo huo upo. Na hata ukifika, mwombe wakala mfungue boksi pale pale mbele yake huku ukirekodi video. Kuna mtu namfahamu alisafirishiwa simu tatu, akafungua boksi akakuta sabuni za mche zimekatwa vizuri kabisa kwa saizi ya simu. Mtu alikaa chini akapima! Njia ya uhakika zaidi ni kuwa na mtu wako Dar, ndugu au mfanyabiashara mwenzako, umlipe hata 10,000 aende dukani, apime, ndipo hela itoke. Hiyo elfu kumi iingize kwenye bei.

Wakati wa kulipa, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Duka linaitwa hivi, jina linakuja la mtu mwingine kabisa, "ni la shemeji yangu". Simama hapo. Na wanaoagiza nje kwenye Alibaba: muuzaji akikwambia mhamie WhatsApp umlipe nje ya mtandao ule ili akupunguzie, anachokupunguzia ni ulinzi wako. Malipo yaliyopita nje hayana pa kulalamikia.

UKIWA UMESHAPIGWA

Usikae na aibu, maana dakika zina thamani. Piga huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia kulipa, uombe muamala usitishwe, hela ikiwa bado haijatolewa kuna matumaini. Tuma namba ya tapeli kwenda 15040. Usifute meseji wala picha za mazungumzo hata kama zinakuudhi kuzitazama, kisha nenda polisi nazo. Kama ni mzigo wa bidhaa bandia umeuziwa na duka linalojulikana, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia.

Na kama mzigo feki uko mkononi mwako, kuna kishawishi ambacho lazima nikiseme wazi, kwa sababu nilikuwa nacho mimi mwenyewe: kuusukuma kwa mteja mwingine ili urudishe mtaji. "Nitamwambia ni wa kawaida." Nilibaki na kadi 25, zile 11 ambazo sikuziuza na 14 zilizorudi. Nilikaa nazo kwenye droo karibu mwezi, kila siku nikipiga hesabu ya kuziuza kama GB 8, maana ndizo GB zake za kweli. Nikapima tano. Mbili zilikuwa zinapoteza vitu hata ndani ya hizo nane. Nikachukua koleo nikazivunja zote, kwa sababu ukizitupa nzima kuna mtu atazikuta jalalani na kuziuza.

Yule mpiga video tulikaa miezi kadhaa bila kusalimiana. Siku alipotaka kadi tena akanitumia meseji ya mstari mmoja: "Unazo zilizopimwa?" Nilimpa kwa 36,000, nikamtumia na picha ya matokeo ya H2testw yenye tarehe. Tangu hapo kila kadi inayotoka kwangu inaenda na picha hiyo. Naiuza elfu moja zaidi ya wenzangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza mbona ghali.